Rangi ya Mafuta kwenye Ziwa la Magadi

Hapa Arusha, ukivaa kofia ya viua na ukasema Kiswahili kisichokwama, basi wewe ni mvuvi. Hakuna atakayekuuliza umezaliwa wapi. Mimi nimezaliwa Kaloleni, hatua chache kutoka msikitini, na kitu cha kwanza ninachokiona nikifungua mlango asubuhi ni mlima Meru. Bahari nimeiona mara tatu, zote kwa ajili ya misiba Tanga, na mara zote tatu niliishia mchangani na viatu vyangu mguuni. Babu yangu alitoka Pangani, hilo ni kweli. Alikuja bara akiwa mshona kanzu, na kila aliyemuuliza kwa nini alihama alimjibu kwamba alichoka kuishi karibu na maji. Lakini nani anataka kusikia hayo? Watu wa huku wakishaamua kuwa wewe ni mtu wa pwani, lazima ujue boti, ujue pweza, ujue na majini, na ukisema hujui watasema unaficha.

Kazi yangu ni rangi. Si ya sebuleni, ile ambayo mama mwenye nyumba anasimama nyuma yako akilalamika kwamba hii imekaa kama krimu na yeye alitaka maziwa. Mimi napaka rangi ya kinga, ya kuzuia kutu, ukungu na dawa zisile chuma na saruji. Miaka mingi nimepaka matangi ya mashamba ya maua kule Usa River, yale ya kuchanganyia mbolea. Tangi la namna hiyo ukilipaka rangi ya kawaida, mwezi hauishi limeshababuka. Linataka rangi ya makopo mawili, kopo la rangi na kopo la hadena ya kuigandisha. Unachanganya, unapaka haraka kabla haijaganda mkononi, na ikishakauka hata patasi inateleza juu yake. Kazi hiyo naijua, na sikuhitaji babu wa Pangani kuijua.

Mji wenyewe haujui rangi ni ya nini. Ikisikika kwamba mgeni rasmi anakuja, mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa, mashina ya miti yanapakwa chokaa, na geti lililooza linapakwa rangi ya fedha juu ya kutu bila hata kupitishwa brashi ya waya. Mgeni anapita anapunga mkono, mvua ya kwanza nayo inapita, na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Nimefanya kazi na mafundi ambao wakiiona kutu wanageuza uso, kama mtu aliyekutana na mkwe wake amelewa. Nawadharau mpaka leo, na sioni haya kusema.

Sasa ikatokea loji moja, juu ya Usa River upande wa mashariki wa mlima, ikanunua boti. Loji ilikuwa kando ya ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano, maji yake ya kijani, ukiyashika yanateleza vidoleni. Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, imetumika mahali pengine na kuchakaa, ya kubeba watalii kumi na wawili na mashine ndogo nyuma. Walikuwa wamejenga na gati, mbao juu na miguu ya chuma chini. Meneja alikuwa dada aliyesomea mambo ya hoteli, wafanyakazi wote wakimwita madam, naye alipewa namba yangu na watu wa shamba la maua. Swali lake la kwanza halikuwa kama nimewahi kupaka boti.

"Mzee wangu, wewe si mtu wa pwani?"

"Asili yetu ni Pangani," nikasema.

Kila neno hapo ni la kweli, na jibu zima ni la uongo. Nililijua hilo wakati nalisema. Lakini uso wake ulivyotulia, kama mtu aliyempata daktari, nikaona nimharibie furaha ya nini. Nilimdharau kwa kuamini upesi namna ile. Sikujidharau mimi niliyeaminiwa.

Pale ziwani nikamkuta mwendesha boti. Alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mrefu, aliyejifunza boti kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu alikokwenda kuhangaika baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Huyo ndiye alikuwa mtu wa boti pale, kama kuna mtu alitaka kuangalia. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa na masikio yake yalikuwa yametobolewa, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu maji.

Habari zake nilizijua siku ile ile, kwa sababu madam alizisema mbele yangu bila kupunguza sauti. Alikuwa kwenye majaribio. Boti ikifanya kazi msimu mzima bila usumbufu, anapewa barua ya ajira. Ikisumbua, inauzwa, naye anarudi kwao kwa mbuzi. Yeye mwenyewe alinieleza yaliyobaki tulipokuwa tunakula mchana. Mkewe na watoto wawili walikuwa kwa baba mkwe, wamechukuliwa. Mkwe alisema hamrudishi binti yake kwa mwanaume asiye na ng'ombe wala mshahara, mpaka aione barua. Mtoto mdogo alikuwa bado wa mgongoni.

"Nikipata hiyo barua, naenda siku hiyo hiyo," akaniambia. "Hata kama ni usiku naenda."

Nilimwambia Mungu atasaidia. Nikaendelea na ugali wangu.

Kuitayarisha boti hakuna atakayenilaumu. Tuliipandisha nchi kavu juu ya magogo, nikakwangua rangi ya zamani mpaka mbao zikaonekana, nikaziba nyufa, nikapiga msasa wa kukwaruza na kisha msasa laini, nikapaka praima, ile rangi ya chini, mkono mmoja. Miguu ya gati niligonga kwa nyundo mmoja baada ya mwingine, maana chuma kizima kinalia na kilichooza kinanyamaza. Yote ilikuwa mizima. Nikaisugua kutu hadi ikang'aa. Hayo yote niliyafanya kama fundi wa Arusha anayejua kazi yake. Ilipofika kuchagua rangi, nikamwacha fundi huyo pembeni nikawa mtu wa Pangani.

Kwenye ile misiba ya Tanga nilikuwa nimeona mashua zimepakwa rangi ya mafuta, buluu na nyeupe, zinang'aa. Basi. Ujuzi wangu wote wa boti ulikuwa huo, wa mtu aliyekuwa anasubiri maiti itoke. Madam alipouliza tutumie nini, nilimjibu rangi ya mafuta, buluu ubavuni na nyeupe juu, ndivyo zinavyopakwa tangu enzi. Nilitamka "tangu enzi" kwa mbwembwe kiasi kwamba aliandika kwenye simu yake.

Nilikuwa nimepaka ubavu mmoja yule mwendesha boti alipokuja akachuchumaa karibu na kopo langu, akainusa rangi.

"Mzee, hii rangi ni ya mafuta?"

"Ni ya mafuta."

"Hii maji ina magadi," akasema. "Ng'ombe wanapenda kulamba pale kando. Mama yangu akiwa na chungu kimeshika mafuta, anatia magadi na maji moto, mafuta yote yanatoka. Sasa hii rangi, haitatoka?"

Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka swali lolote nililoulizwa na mwalimu. Lilikuwa swali safi. Kila mama anayepika makande mji huu anajua magadi yanafanya nini, na kila mtu aliyewahi kuona sabuni ikipikwa anajua mafuta na magadi vikikutana vinazaa nini. Jibu lilikuwa kwenye stoo yangu Kaloleni, makopo mawili mawili yamepangwa ukutani, rangi ambayo haina habari na magadi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba umesema kweli, ngoja nibadilishe.

"Kijana wangu," nikamwambia, "boti zinapakwa hivi tangu babu wa babu yangu. Wewe endesha tu."

Akainuka, akasema sawa mzee, akaenda zake. Mimi nikabaki nacheka peke yangu: mchunga mbuzi anamfundisha mtu wa Pangani habari za boti. Ndiyo, nilikuwa nimefika huko. Uongo niliowaachia wengine wauamini nilikuwa nimeshauamini mwenyewe.

Nilipaka mikono mitatu, boti na miguu ya gati. Madam alitaka boti iwe majini kabla ya Jumamosi, mwenye loji alikuwa anakuja na wageni wake. Siku ya kuishusha ilikuwa ya nne tu tangu mkono wa mwisho. Yule mwendesha boti aliuliza kama tusingeiacha ikauke zaidi. Nikabonyeza rangi kwa ukucha, nikasema imekauka, shusheni. Ikashushwa, ikapendeza mno. Mwenye loji alipiga nayo picha. Madam alimwambia kwamba fundi ni mzee wa pwani, na yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu.

Nilikuta boti imefungwa gatini. Chini ya mstari wa maji rangi ilikuwa imelegea, ukiigusa inakuja na kidole, laini kama ngozi ya uji uliopoa. Juu kidogo ilikuwa na utelezi. Mtalii mmoja mama alikuwa ameegemea ubavu akashuka na suruali nyeupe yenye buluu nyuma, akataka kurudishiwa pesa zake. Miguu ya gati nayo ilikuwa inavuliwa rangi maganda kwa maganda. Tulisimama pale watu watatu, madam, yule mwendesha boti, na mimi.

"Mzee wangu, nieleze," madam akasema. "Imekuwaje?"

Sikuwa nimepanga. Hilo nalisema si kwa kujitetea, maana uongo usiopangwa ndio unaoonyesha mtu alivyo. Niliinama, nikaikwangua rangi kwa kisu, nikatingisha kichwa kama mtu mwenye uchungu.

"Hii boti ilishushwa mapema," nikasema. "Mimi niliacha maagizo. Nilimwambia huyu bwana asiishushe kabla ya siku saba."

Madam akamgeukia. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Nilisubiri aseme ulikuwepo, mzee, wewe ndiye uliyebonyeza kwa ukucha. Wapishi wawili na mlinzi walikuwepo siku ile, mashahidi hawakukosekana, na haraka ilikuwa ya madam mwenyewe. Kijana akanitazama kidogo, akashusha macho kwenye mbao za gati, akanyamaza.

Nimeishi na Waarusha maisha yangu yote, nimekua nao, nimezika nao. Najua kwamba kwao mtu wa rika la baba yako humpingi mbele ya watu, hata akisema jua limechomoza kutoka Ngaramtoni, upande wa magharibi. Nilipofungua mdomo sikulifikiria hilo. Nilipoufunga nilikuwa nimeshalitegemea.

Yule mwendesha boti aliachishwa kazi, akaondoka Jumatatu. Boti haikuuzwa, hiyo ya kuuza ilikuwa maneno tu. Walileta mwendesha boti mwingine, kijana mwenye miwani ya jua. Na mimi, baada ya kwenda nyumbani na chupa ya maji ya ziwa na kutumbukiza kipande cha bati nilichokipaka rangi ile ile, na siku ya nne kukipangusa na kuona povu kwenye kidole changu, nilirudi pale na makopo mawili. Nikakwangua upya, nikapaka upya. Nilimwambia madam safari hii nimeleta ya kisasa zaidi. Rangi ile iko pale mpaka leo. Amenisifia kwa wenzake, loji mbili nyingine zimeniita, moja ya gati na moja ya daraja la kutazamia ndege. Kote huko naitwa mzee wa pwani, na kote huko nimeitika.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mafundi wanaopaka rangi juu ya kutu niliendelea kuwasema vibarazani, watu wakicheka. Nyani haoni kundule.

Mwaka huu nikapata kazi ya tangi Nduruma, kwenye shamba la vitunguu. Siku ya pili nikamwona mtu akifungua maji kwenye mfereji, amekunja suruali, jembe begani. Alikuwa yule mwendesha boti, naye alinitambua kabla sijamtambua. Akaja akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza kama miguu yangu bado inaniuma, jambo ambalo nilikuwa nimemwambia mara moja tu tukila ugali kule ziwani. Nikashindwa kuendelea na kazi. Nikakaa juu ya kopo, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu bati na povu, na kwamba alisema kweli kuhusu magadi, na kwamba nilisema uongo.

"Najua, mzee," akasema. "Nilikuwepo."

"Kwa nini hukunijibu?"

"Ningekujibu vipi, wewe ni kama baba. Nilisema moyoni utayarudisha mwenyewe yale maneno." Akafikiri kidogo. "Nilisubiri wiki. Halafu nikasubiri mwezi."

Nikamwuliza habari za familia. Hapo akaegemea jembe. Bado walikuwa kwa mkwe. Barua haikupatikana, na habari zilizomfikia mkwe zilikuwa mbaya kuliko kukosa barua: kwamba alipewa boti ya watu akaiharibu kwa haraka zake. Tangu hapo yeye alikuwa hajakanyaga pale. Mwanaume haendi kwa wakwe mikono mitupu, na yeye alikuwa na mikono mitupu na jina bovu juu yake. Alikuwa anatuma unga na sukari kwa shemeji.

"Usiniambie mimi hayo maneno," akasema. "Mimi nayajua. Kamwambie mkwe wangu."

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, tulipanda Oldonyo Sambu kwa mkwe wake. Upande ule wa mlima ni vumbi na upepo, na mimi nilivaa kanzu nyeupe, mjinga mwingine akienda kujiaibisha amejipamba. Baba mkwe alikuwa mzee wa umri wangu kabisa, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba. Alinipa kiti. Mkwewe hakupewa, akasimama kando yangu.

Nilieleza mwanzo mpaka mwisho. Mzee hakunikatiza. Binti yake alitoka jikoni akasimama mlangoni, akasikia nusu ya mwisho, na sikuthubutu kumtazama.

"Ulikuwa unamwogopa nani?" mzee akaniuliza nilipomaliza.

"Sikuwa namwogopa mtu."

"Sasa ilikuwa nini?"

Hapo ndipo nililazimika kulisema, na nimewahi kusema mambo mengi ya aibu lakini hilo liliyazidi yote. Nikamwambia kwamba nilichelea watajua kuwa sijui boti.

Alinitazama usoni. Halafu akacheka, si kwa furaha.

"Nani hapa alifikiri wewe unajua boti? Mimi nimeuza mbuzi Arusha miaka yote. Watu wa Kaloleni nawajua. Mnajua kuuza mitumba, mnajua kupika pilau."

Tangu niijue dunia mimi ndiye nimekuwa nikiwatazama wengine kwa jicho lile alilonitazama nalo. Linachoma.

Akamwita binti yake kwa Kimaa, wakaongea maneno machache. Yule mama akaingia ndani akatoka na mtoto, wa kiume, wa miaka minne hivi, shati la kanisani bado limefungwa vifungo hadi shingoni. Ndiye yule aliyekuwa wa mgongoni. Watoto wa Kiarusha hawakupi mkono, wanakuinamishia kichwa nawe unakigusa kwa kiganja, ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Babu yake akamwambia aende akamwamkie baba yake. Kimaa changu ni cha sokoni, lakini neno la baba nalijua.

Mtoto akatutazama sisi wawili, mmoja amekaa na mmoja amesimama. Hakuharakisha. Kisha akaja mbele yangu mimi, akainamisha kichwa, akasubiri.